Ngitili ya viwavi: kuchagua mimea ya kulisha vipepeo uani kwako Mwanza

Mtu akiniambia anataka vipepeo nyumbani kwake, swali langu la kwanza ni kama yuko radhi kuona majani ya mimea yake yakiliwa mpaka ibaki mishipa mitupu. Wengi husita hapo. Walikuwa wanawaza maua tu.

Maua yana kazi yake. Kipepeo mzima hutua kwenye ua, akanywa mbochi, yale maji matamu yaliyo ndani, halafu akaenda zake. Anakorudi siku baada ya siku ni kule anakotaga, na hatagi popote. Anatafuta jani ambalo kiwavi wake ataweza kulila. Kiwavi wa mndimu hali jani la mwembe, na wa viazi vitamu hali mchicha. Akianguliwa mahali pasipo na jani lake, atakufa njaa katikati ya bustani iliyostawi. Ndiyo maana uwanja wa nyasi zilizokatwa vizuri na bogenvilia ukutani, mtindo wa nyumba nyingi mpya kuanzia Buhongwa hadi Kisesa, vipepeo huuvuka tu. Miaka yote niliyoishi na bogenvilia sijawahi kuona kiwavi wa kipepeo akiila.

Huku Usukumani tuna neno linalonisaidia kulieleza jambo hili: ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, ili kiangazi kikikaza ng'ombe wapate cha kula. Nami nimefunga kona ya ua wangu, hatua kama sita kwa nne, kati ya miamba miwili. Haifyekwi wala haipulizwi dawa. Ni ngitili ya viwavi. Nitaeleza jinsi ya kutengeneza ya kwako, na sehemu kubwa ya maelezo itakuwa juu ya kuchagua mimea, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hukosea.

Hatua ya kwanza: tazama kabla ya kununua

Usiende kununua mche wowote kabla ya kutazama mtaa wako kwa wiki mbili. Toka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa limetoka vizuri. Vipepeo hawawezi kuruka vizuri mwili ukiwa wa baridi, kwa hiyo asubuhi utawakuta wamekunjua mabawa juu ya mawe wakiota jua. Sisi wa Mwanza tuna bahati hapo. Mji mwingine mtu angelazimika kuwatafutia mawe. Kwetu mawe ndiyo yaliyotukuta.

Beba daftari. Andika rangi, mahali ulipomwona na alikuwa anafanya nini. Kipepeo anayekunywa hutulia juu ya ua. Jike anayetaka kutaga ana mwendo wake, na ukishauona mara moja hutausahau: anaruka chinichini, anagusa jani hili, analiacha, anagusa lile. Anaonja kwa miguu. Miguuni ana viungo vya kutambua ladha ya jani, na kwa mguso huo anajua kama ni mmea wake. Akiupata, anakunja ncha ya tumbo mpaka iguse jani, na hapo yai linabaki. Akiondoka, chomeka kijiti kando ya mmea huo. Umeshajua mmea mmoja wa kuweka kwenye bustani yako, na aliyekwambia ni kipepeo mwenyewe wa mtaani kwako.

Mimi nilivyoanza nilichomeka vijiti kwenye kiwanja cha jirani kisichojengwa, na nusu ya mimea aliyokuwa akiiita magugu ilikuwa na mayai.

Hatua ya pili: chagua mimea michache, lakini kwa wingi

Kosa la kawaida ni kutaka kila aina. Mche mmojammoja wa aina kumi hautoshi kulisha kizazi hata kimoja. Kiwavi anapokaribia kukomaa anakula kwa kasi ya kushangaza, na wawili watatu wanaweza kuuvua mche mdogo majani yote kabla hawajamaliza kukua. Anza na aina mbili au tatu, kila moja mimea mitatu au zaidi.

Nianze na mndimu, kwa sababu ndio rahisi kuliko yote. Mndimu, mlimau, mchungwa, mchenza: jamii hii yote inalisha kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano, ambaye kila mtu wa ziwani amemwona hata kama hakujua jina lake. Kitaalamu ni Papilio demodocus. Jike hutaga yai mojamoja, duara, la njano hafifu, hasa kwenye majani machanga. Kiwavi akiwa mdogo ni wa kahawia na weupe, na utaapa kwamba ni kinyesi cha ndege. Ndiyo kinga yake, kwa kuwa ndege hali kinyesi chake. Akikua anavua ngozi na kutokea wa kijani, mnene, mwenye michirizi ubavuni. Mguse kidogo kwa kijiti, atachomoa nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Haziumi. Anakutisha tu, na wajukuu wangu hawachoki kutishwa.

Kama una mlimau unaoutegemea kwa malimau, usiutoe sadaka. Panda ndimu za mbegu, mbili au tatu, ndani ya ndoo zilizochakaa zenye matundu chini. Mndimu wa mbegu huchelewa sana kuzaa, lakini majani hutoa mapema, na majani ndiyo unayoyataka. Ukikuta viwavi kwenye mlimau wa matunda, kata jani pamoja na kiwavi aliye juu yake, liweke kwenye ndimu ya ndoo. Usimbandue kwa vidole. Atahamia mwenyewe jani la zamani likinyauka.

Mmea wa pili ninaoupenda sana hauuzwi popote, na watu huung'oa. Huota kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa, una majani membamba marefu, ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na matunda yake ni vipira vilivyojaa hewa, vyenye vinywele laini. Kitaalamu jamii yake ni Gomphocarpus; nyumbani kwangu tunaiita mipira. Ndugu yake ni mpamba mwitu, ule wenye majani mapana mazito ya kijivujivu unaostahimili ukame. Mimea hii ndiyo chakula cha kiwavi wa kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa zenye madoa meupe, Danaus chrysippus, anayeruka taratibu kana kwamba hana adui duniani. Na karibu ni kweli. Utomvu ule una sumu ya moyo; kiwavi huila bila kudhurika, huihifadhi mwilini, na kipepeo huibeba. Ndege akimla mara moja hutapika, na hatamrudia. Kiwavi mwenyewe hajifichi. Ana pete nyeusi, nyeupe na za njano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni.

Sumu hiyo si ya kuchezea. Vaa glavu ukikata, nawa mikono, na usijifute macho, maana utomvu ukiingia jichoni unaumiza vibaya. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au mbuzi wanaozurura, panda nyuma ya uzio au uuache kabisa na uchague mwingine. Sitaki mtu aumie kwa ajili ya kipepeo.

Jambo moja linalonifurahisha kuhusu kipepeo huyu ni kwamba wapo wanaomwiga. Jike wa Hypolimnas misippus amefanana naye mpaka utadhani ni huyo huyo, na wala hana sumu. Dume wake hafanani naye hata kidogo: ni mweusi mwenye duara kubwa nyeupe kwenye kila bawa, limezungukwa na mng'ao wa zambarau. Kiwavi wao hula ule mmea unaotambaa chini, wenye majani madogo manene yaliyojaa maji na maua ya njano, unaoota wenyewe kwenye vitalu vya mboga mvua ikinyesha. Wengine huupika. Kwa hiyo hapo huhitaji kupanda chochote. Acha tu kuupalilia kwenye mita moja ya mraba.

Kuna mimea mingine miwili ya chini ninayoiweka kundi hilo hilo. Kongwe, lenye maua ya buluu na shina lenye vifundo, hulisha kipepeo mwingine mdogo anayemwiga yule mwenye sumu. Na kuna mmea laini unaopenda kivuli chepesi, maua yake meupe au ya zambarau hafifu kama vikombe, na yale meupe mara nyingi yana doa la zambarau mdomoni. Kitaalamu ni Asystasia gangetica. Huo ukiwa nao umepata kipepeo mweusi mwenye madoa mawili ya buluu inayowaka kwenye mabawa ya nyuma. Wa kwangu hukaa juu ya mwamba mmoja tangu asubuhi, akimfukuza kila anayepita, hata kerengende. Chukua kipande cha shina lenye vifundo, kifukie nusu kwenye udongo wenye unyevu, baada ya wiki mbili kimeshika.

Sasa jamii ya mjohoro. Mjohoro wenyewe kila mtu anaujua, ni mti wa kivuli na kuni. Mdogo wake ni mwingajini, ule wenye harufu kali unaoota majalalani na maua yake ya njano. Jamii hii ndiyo inayowalisha vipepeo weupe wa kijanikijani na wa njano wanaoonekana misimu fulani wakipita kwa mamia, wote wakielekea upande mmoja, kama watu wanaowahi mnada. Hao ni Catopsilia florella, ambao huhama. Viwavi wao ni wa kijani, wenye mstari ubavuni na vidoa vyeusi, na hulala sambamba na mshipa wa jani, kwa hiyo macho yanahitaji kuzoea. Ua ukiwa mdogo usiogope mjohoro. Ukate ufike kiunoni kila mwaka utoe machipukizi mengi. Mbegu za mwingajini zina sumu kwa mifugo, kwa hiyo kata maganda kabla hayajakauka.

Lakini ndani ya jamii hiyo kuna mti mmoja wa kukataa hata ukipewa bure: Senna spectabilis, wenye mikungu mikubwa ya maua ya njano inayosimama kama mishumaa. Ni mgeni kutoka Amerika, na huko Mahale umeingia msituni ukasonga miti ya asili. Lantana, kichaka kile chenye vishada vya maua ya rangirangi, ni cha kukataa vilevile, ingawa vipepeo hunywa sana maua yake. Watu wa ziwa hili hawahitaji maelezo marefu. Gugu maji nalo lilikuwa ua zuri, na miaka ya 1990 lilifunga ghuba zetu mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka.

Mimea ya chakula inayolisha viwavi ipo mingi, na hapa kila mtu aamue kwa hali yake. Mstafeli na mtopetope hulisha vipepeo wenye mikia au madirisha ya kijani na meupe wa jamii ya Graphium. Mpasheni hulisha baadhi ya vile vipepeo vyekundu vya mabawa kama karatasi nyembamba. Mbarika, huo wa kutoa mafuta, nao una wageni wake, ingawa mbegu zake ni sumu kali na nyumbani kwangu haupo. Kunde huvutia vipepeo vidogo vya buluu, ambavyo viwavi vyake huingia kwenye maua na maganda. Viwavi wengi wa jamii hiyo ya buluu huishi na sisimizi. Hutoa tone la utamu mgongoni, sisimizi hulilamba, na kwa malipo hayo huwafukuzia maadui. Ni ufugaji kamili. Ukitazama kwa makini utaona sisimizi anavyompapasa kiwavi kwa vipapasio kabla ya kukamua.

Viazi vitamu ni habari nyingine. Kuna kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye kingo nyeusi, Acraea acerata, ambaye kiwavi wake hula majani ya viazi, na kanda yetu yote ya ziwa inamjua kama adui. Viwavi wachanga hukaa kwa makundi ndani ya utando, na wakiwa wengi huacha shamba likiwa vijiti. Mama mkwe wangu wa Ukerewe alinikalisha chini juu ya jambo hili. "Mwanangu," aliniambia, "wewe una mshahara. Mimi nina michembe." Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Nilimwelewa. Mwenye shamba la viazi la chakula, au jirani yako akiwa nalo, usimwalike kipepeo huyu. Ukikuta majani yenye utando, yachume uyachome. Hapo nasimama na mkulima.

Kwa mwenye kiwanja kinachohitaji uzio, mwisho kabisa, kuna mchongoma. Miiba yake inazuia mbuzi, watoto wanakula matunda, na majani machanga yanalisha kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye vidoa vyeusi tele ambaye hatulii hata akiwa ametua.

Hatua ya tatu: pata miche isiyo na sumu

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua michungwa mitatu mizuri, majani yanang'aa, hakuna tundu hata moja. Ndani ya siku kumi kipepeo alikuwa ameshataga. Viwavi wakaanguliwa, wakala siku moja, mbili, wakaanza kudondoka. Nilikuwa nawaokota asubuhi chini ya ndoo. Nilipokwenda kumuuliza muuzaji, alinieleza kwa uungwana kabisa kwamba miche yote ilimwagiwa dawa kwenye mizizi, ile inayopanda ndani ya mmea na kukaa kwenye majani. Hakuwa amenificha, mimi sikuuliza.

Kwa hiyo uliza. Swali ni hili: dawa gani imetumika, ya kupuliza au ya kumwagia kwenye udongo, na lini? Ya kupuliza utaiosha na kusubiri majani mapya. Ya kumwagia inaweza kukaa miezi, na mche huo nenda nao kwenye matunda, si kwenye ngitili. Mimi siku hizi naotesha mwenyewe. Mbegu za ndimu zikitolewa tu zioshwe na kupandwa siku hiyo hiyo, zisikauke. Mbegu za mjohoro zina ganda gumu. Zimwagie maji ya moto, ziache zilale humo usiku kucha.

Mimea ya porini ichukue kwenye viwanja na kando ya barabara, kwa ruhusa ya mwenye eneo. Kisiwa cha Saanane usiguse kitu, ni hifadhi ya taifa tangu 2013.

Na dawa ya mwarobaini? Naulizwa sana. Ni ya asili, ndiyo, lakini inaua viwavi, na kwa kazi hiyo ndiyo imesifiwa. Haina nafasi ndani ya ngitili.

Hatua ya nne: mahali pa kupanda

Tafuta mahali penye jua angalau nusu ya siku na pasipopigwa na upepo. Upepo wa ziwani wa mchana humchosha kipepeo, na jike hawezi kutaga kwenye jani linalopepesuka. Wanaokaa kwenye vilima vya Bugando, Mabatini au Igogo watumie miamba kama ukuta: panda upande uliojikinga. Mfuko wa udongo kati ya mawe mawili ni mahali pazuri sana, maana maji yote ya mvua yanayoteleza juu ya mwamba huishia pale.

Udongo wetu mwingi ni luseni, kichangachanga kilichotokana na mawe hayo hayo, na maji hupita kama kwenye chujio. Changanya samadi iliyokwisha kuoza, ndoo moja kwa shimo, na funika juu kwa majani makavu. Ndoo za miche usiziweke juu ya mwamba wenyewe. Jiwe likishapata moto linapika mizizi mpaka usiku. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kumwagilia. Ya kufulia yenye jiki, hapana.

Aliye na kiwanja kinachogusa ufuko asifyeke matete na mafunjo ili apate mandhari. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka majini. Na kwenye tope la ufukweni ndiko utakuta vipepeo dume wamejikusanya wakinyonya unyevu wenye chumvi. Aliye mbali na ziwa aweke sahani ya mchanga uliolowa, pamoja na majivu kidogo.

Hatua ya tano: wakishafika, wazoeze watu

Viwavi wana sifa mbaya, na sababu zipo. Viwavijeshi wa mahindi walioingia nchini mwaka 2017 bado wako vichwani mwa watu, na washawasha kila mtu amemkanyaga utotoni. Kijana anayenifyekea alinijia siku moja na furaha: "Mama, kule kwenye mipira nimekuta wadudu wengi wa rangirangi, nimewaponda wote, usiwe na wasiwasi." Nilimshukuru, kwa kuwa alikuwa amenitendea wema. Kisha nikamwita, nikamwonyesha pupa mmoja, yaani kiwavi aliyejifunga ili ageuke kipepeo, aliyebaki akining'inia chini ya jani, wa kijani mwenye vidoa vya dhahabu. Tukamtazama kila siku. Karibu siku kumi baadaye alipotoka kipepeo, kijana alikuwapo, na sasa ndiye anayeniambia wametaga wapi. Tangu hapo nafunga kitambaa chekundu kwenye kila mmea ambao hauguswi.

Kumtofautisha kiwavi wa kumwacha si kazi kubwa. Mwenye manyoya marefu mengi mwili mzima mwache alipo na usimguse. Mara nyingi ni wa nondo, na baadhi yao huwasha. Anayekula mahindi yako ni mdudu wa shamba, mtendee kama wa shamba. Anayekula mmea ulioupanda kwa ajili yake, mwache.

Usiwahamishie ndani ya chupa wote ukidhani unawaokoa. Mmoja au wawili kwa ajili ya watoto kujifunza inatosha, wakiwa na majani mapya kila asubuhi na karatasi chini ya kufuta kinyesi. Wengi waliobaki nje wataliwa. Kuna nyigu wadogo wanaotaga ndani ya kiwavi, kuna ndege, na kuna wale mijusi wa miambani wenye kichwa na kifua cha waridi na mwili wa buluu, ambao wana jina la mji wetu, Agama mwanzae. Wao nao ni wa hapa. Kuku ndio nimewazuia, kwa wavu wa futi tatu.

Viwavi wakitoweka ghafla wakiwa wakubwa, usikate tamaa. Huenda wamekwenda kujigeuza. Wa mndimu husafiri mpaka kwenye ukuta, shina jirani, hata chini ya kiti cha plastiki, akajifunga kwa uzi kiunoni. Kabla ya kusogeza vitu uani, chungulia chini yake.

Hatua ya sita: uende na mvua

Panda vuli ikianza, Oktoba kuelekea Novemba. Miche ishike mizizi mpaka Desemba, ipite kile kijua cha Januari na Februari kwa kumwagiliwa, na masika ya Machi hadi Mei itaikuta imara. Vipepeo huwa wengi wiki chache baada ya mvua, majani mapya yakiwa mengi.

Embe zikianza kuanguka, acha mbili tatu zioze juu ya jiwe. Kuna vipepeo wakubwa wenye nguvu, jamii ya Charaxes, ambao hawajali maua. Huja kunywa tunda lililochacha.

Kiangazi, kuanzia Juni, ngitili itaonekana imekufa. Majani yamepungua, mengine ni matundu matupu, na wageni wako watakuuliza kwa nini hufyeki. Mwagilia ndimu mara mbili kwa wiki, mingine iache ipumzike. Usichome majani makavu yaliyolala chini, maana pupa wengine wamo humo. Mwishoni mwa Agosti kata mjohoro ufike kiunoni na mipira nusu ya urefu wake, baada ya kupekua kila tawi. Tawi lenye pupa litundike kwenye uzio mahali penye kivuli. Machipukizi yatakayotoka hapo ndiyo majani laini ambayo jike wa kwanza wa vuli atayagusa kwa miguu.